Nta ya Bibiane

Nta ya mwisho ilitoka saa tatu asubuhi. Ilidondoka kupitia tundu la chini la kalibu, ikashika moto juu ya makaa, ikaisha. Cyrille aliitazama mpaka tone la mwisho, kisha akageuza uso, maana Joëlle alikuwa amesimama karibu naye na hakutaka binti yake amwone mtu mzima akililia nta.

Kwa miaka ishirini na miwili, katika karakana yao ya uani hapa Likasi, kazi iligawanywa hivi: Bibiane anafinyanga, Cyrille anamimina. Hakuna aliyegusa kazi ya mwenzake. Mke alichukua nta ya nyuki kutoka Kapolowe, akaiminya kwa vidole mpaka ikawa matawi, maganda, majani ya musuku, mti wa matunda wa porini, yenye mishipa yake yote. Mume aliivika udongo wa kichuguu, tabaka juu ya tabaka, na hiyo ndiyo kalibu. Akaichoma mpaka nta ikakimbia, na pale nta ilipokuwa akajaza shaba iliyochanganywa na bati. Meza zao, vinara vyao na vitasa vyao vya milango vilikwenda kupamba nyumba za wenye nazo mpaka Lubumbashi. Vidole vya Cyrille vilikuwa vinene kama mihogo. Siku moja alijaribu kufinyanga jani, Bibiane akamuuliza kama lile ni sikio la mbuzi.

Mguu huu wa meza, ambao nta yake imetoka leo, ndio uliokuwa kazi ya mwisho ya Bibiane. Shina la musuku, matawi matatu ya kubeba kioo, na chini ya jani moja kiwavi mdogo ambaye mgeni asingemwona mpaka aambiwe. Ni wa Joëlle siku atakayoolewa, alisema Bibiane, na kabla mwezi haujaisha homa ikamchukua. Miaka miwili Cyrille aliuficha mguu ule chini ya kitanda, ameufunika kwa kitenge. Hakuwa na moyo wa kuuchoma. Majani yake yalipishana mno, hayakubali kunakiliwa, ukiuchoma, umeuchoma. Lakini Oktoba hii joto lilikuwa la kuua, matawi yakaanza kulegea, na harusi ilikuwa imebaki wiki mbili. Sasa nta imekwenda, na alama za vidole vya Bibiane zimebaki ndani ya udongo, zikisubiri shaba.

"Papa, iko tayari," Joëlle alisema.

Shaba ndani ya chungu ilikuwa na rangi ya chungwa bivu. Cyrille alivaa glavu, akashika koleo. Hapo ndipo lango liliposukumwa.

Waliingia watu watatu. Mmoja alikuwa na kadi shingoni na faili kwapani, wawili walikuwa na bunduki. Mwenye kadi alisema yeye ni mkaguzi wa madini, anaitwa chef Jean-Luc. Alisema hayo kwa upole wa mtu asiyezoea kuambiwa hapana.

"Papa, uko na papier ya ile shaba?"

"Iko, chef. Joëlle, leta."

Karatasi ilikuwepo, ya koki kuukuu za maji alizonunua ili aziyeyushe. Cyrille aliujua mji wake. Hapa mtu huzaliwa juu ya shaba, hula juu ya shaba, huzikwa ndani ya shaba, ila akikutwa nayo mkononi ni mwizi. Ndiyo sababu alipanga foleni siku nne kwenye ofisi ya komini kutafuta muhuri. Mkaguzi aliisoma mara mbili, akifuata mistari kwa ncha ya kalamu.

"Hapa banaandika robine za zamani, makumi ine na moya. Robine iko wapi?"

"Iko mule mu chungu, chef. Nilisha kuyeyusha."

"Minye sioni robine."

"Haiwezi kuonekana. Ilisha kuwa maji."

"Basi, papa. Papier ni ya robine, na robine hapa hakuna. Kuko shaba ya maji, na shaba ya maji haina papier."

Cyrille alitaka kucheka, akaona kalamu imeanza kuandika, kicheko kikamkauka.

"Chef, kalibu iko moto sasa. Ikipoa itapasuka. Niache nimimine, dakika mbili tu. Kisha beba yote, hata minye mwenyewe."

"Ukimimina, unapoteza ushaidi. Weka koleo chini."

"Ni kazi ya mama yangu," alisema Joëlle. "Alisha kufa. Haiko ingine."

"Pole, ma fille," alijibu mkaguzi, na huenda alimaanisha. Akamwambia askari mmoja azime feni ya tanuru.

Barabarani yalipita malori ya mabamba ya shaba, yakielekea mpakani Kasumbalesa, moja nyuma ya jingine. Kelele zilikuwa kubwa hata mkaguzi akalazimika kunyamaza. Alisubiri kwa adabu mpaka yakaisha, kisha akaendelea kuandika.

Ngozi ya kijivu ilitanda juu ya shaba. Cyrille alisogea mbele ya kalibu, akatanua mikono kama anayezuia mtoto asitoke nje. Kosa lake likawa hilo.

"Mule ndani muko nini?" akauliza askari.

"Hamuna kitu. Ni tupu."

"Kama ni tupu, juu ya nini unailinda?"

Walimsukuma pembeni. Kitako cha bunduki kilipiga mara moja, kikapiga mara ya pili, na kalibu ikafunguka vipande vipande, bado inafuka. Mkaguzi aliinama, akageuza kigae kimoja kwa kalamu. Ndani yake palikuwa na jani la musuku, mishipa yote, na ukingoni duara la kidole gumba cha mwanamke.

"Kweli, hamuna kitu," alisema, akaandika: kalibu moja, tupu.

Moyo wa Cyrille ulivunjika. Sina namna nyingine ya kulisema. Bibiane alipokufa watu walikuja, wakaimba, wakakesha. Leo alikufa tena mbele ya watu watano, na mmoja wao alikuwa akitafuta mahali pa kupiga muhuri.

Askari walipokuwa wakibeba chungu kwa koleo la Cyrille, mkaguzi aliona kinara kwenye rafu. Alikishika, akapapasa majani yake.

"Weye njo unafanyaka hizi?"

"Njo minye, chef. Na bibi yangu."

"Madame yangu anapenda bintu bya majani. Unifanyie meza moya ya salon, kisha tutaona namna ya kufunga ile dossier. Ao unataka tuende nayo mpaka ku tribunal?" Alikinyooshea chungu kidole. "Shaba usiogope. Shaba iko."

"Na papier yake?" aliuliza Joëlle.

Mkaguzi akafunga faili. Cyrille alimtazama binti yake, naye akatikisa kichwa: hapana, Papa. Kisha Cyrille akazitazama bunduki.

"Urefu gani, chef?"

"Hapa," mkaguzi alisema, akaweka kiganja kwenye goti lake.

Cyrille alitoa futikamba mfukoni, akapiga magoti juu ya vigae vya moto, akaanza kupima kutoka kwenye kiatu.