Uso wa Bibi wa Vyungu

Tulinagwe alinunua kilo mbili za mchele ambao hakuuhitaji, ili apate muda wa kuutazama uso wa Felista.

"Ugonile, mwanangu," mama huyo alimsalimu kwa Kinyakyusa, akimsogezea kigoda kivulini. "Umetoka Kyela mjini mpaka Busale na jua hili? Kunywa maji kwanza, biashara baadaye."

"Ndaga, mama," Tulinagwe alishukuru.

Maji yalikuwa baridi, yenye harufu ya mvua ya kwanza. Tulinagwe aliyanywa bila kuangalia yamechotwa kwenye chungu gani. Macho yake yalikuwa kazini: mikunjo mitatu juu ya nyusi, jino la mbele lililolalia jingine, kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto. Alijifundisha kuchora peke yake, kwenye mabango ya saluni na ubavuni mwa bajaji, na alikwishajua kwamba uso haushikwi wote kwa mara moja. Unaushika kidogo kidogo, kama mtu anayeokota kuni.

Felista alipepeta mchele, akiwatania kuku waliokuwa wakigombea chenga. "Hawa nao wamezaliwa Jumapili. Kila siku kwao sikukuu." Alicheka. Tulinagwe alitazama pembeni.

Mama huyu hakuwa amemkosea kitu. Kosa lake lilikuwa kumzaa Eliud.

Miaka mitatu nyuma, Eliud alifika Ikombe, kijiji cha wafinyanzi ng'ambo ya Matema, akitafuta hadithi ya tamthilia ya televisheni. Alikaa siku tisa nyumbani kwa Angetile, mama yake Tulinagwe. Tulinagwe alikuwa Tunduma wakati huo, hawakuonana. Angetile alimpikia mgeni, akamwonyesha udongo unavyokandwa, na mwishowe akamsimulia habari za Lugano, mwanawe wa mwisho, aliyezama ziwani siku mtumbwi wa vyungu ulipopinduka njiani kwenda soko la Lyulilo.

Tamthilia ilipotoka, iliitwa *Bibi wa Vyungu*. Bibi mwenyewe alikuwa mfinyanzi mjane wa Ikombe, mwenye kovu la moto kwenye mkono wa kulia, kama la Angetile. Na alikuwa akizamisha watoto ziwani ili vyungu vyake visipasuke motoni.

Ziwani kote watu walijua ni nani. Jumamosi baada ya Jumamosi vyungu vya Angetile vilikwenda Lyulilo na kurudi karibu vyote kwenye mtumbwi uleule. Wanawake waliokuwa wakimwita dada walianza kuzunguka mbali na mkeka wake.

Sasa tamthilia ilikuwa inageuzwa kitabu cha katuni, na Eliud alimpa kazi fundi aliyemjua kwa jina la kibanda chake tu, Tuli Sanaa.

"Toleo la kwanza, kurasa ishirini na nne," alisema kwenye simu. "Viputo vya maneno viache vitupu, tutaandika kwa kompyuta. Uso wa bibi ubuni wewe. Mwigizaji wetu amekataa sura yake kutumika. Ila uwe uso ambao mtu akiuona hausahau, dada."

"Hutausahau," Tulinagwe alijibu.

Alichora kurasa zote kwa penseli, akauacha uso wa bibi mtupu katika kila moja. Aliporudi kutoka Busale alichukua karatasi kubwa ya jalada, akaujaza uso ule kwa wino. Mikunjo, jino, kidoa. Aliyageuza macho kidogo tu, na cheko la Felista likawa la mtu aliyesikia mtoto akilia na kufurahi. Kitabu kingezinduliwa Jumamosi, palepale Lyulilo. Watu wa Busale wangekinunua. Nao wangeanza kuzunguka mbali na Felista.

Kabla ya kukabidhi kazi, aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akapanda mtumbwi hadi Ikombe. Alitaka mama yake awe wa kwanza kuona.

Angetile alikuwa amekaa mlangoni akisugua chungu kibichi kwa kokoto. Alijifuta mikono, akalishika jalada kwa ncha za vidole, akalisogeza kwenye mwanga.

"Umemweza," alisema. "Hata jino lake."

"Unamjua?"

"Felista wa Busale. Huja Lyulilo kila Jumamosi, ananunua chungu kimoja. Sijui anavipeleka wapi. Nadhani hata kuku wake wanalalia vyungu vyangu."

Ubaridi wa yale maji ulimrudia Tulinagwe kooni. "Anajua mwanawe alichofanya?"

"Anajua. Siku ya kwanza alipiga magoti mchangani, sokoni, mbele za watu. Nikamwambia inuka, unachafua kitenge."

"Mama! Miaka yote hii hukuniambia."

"Hukuuliza. Wewe unakuja hapa, unakasirika kwa niaba yangu, unakula samaki, unaondoka."

Tulinagwe alikaa chini. Wimbi liligonga mawe, likarudi. "Basi niache?"

"Nani amesema uache?" Angetile aliinua macho, na ndani yake hapakuwa na uzee wowote. "Mimi sijasamehe. Kila nikiwasha moto wa vyungu namtaja yule kijana kwa jina, herufi haipungui. Lakini ukitaka kumpiga mtu, mpige yeye. Usimpige aliyesimama karibu."

Alilikunja jalada mara mbili, akalisukuma chini ya nyasi kavu zilizofunika vyungu vilivyongoja kuchomwa.

"Nyasi za leo zina unyevu," alisema. "Karatasi itasaidia."

Aliwasha nyasi, wakatazama jalada likishika moto. Kisha Angetile akaonyesha kigoda karibu na mafiga. "Yule kijana alikaa pale. Nilimpikia samaki, mbasa, akamla mwili wote, kichwa akakibakiza mwisho, kama mtoto. Nilipomweleza Lugano alivyotolewa majini, alilia. Machozi ya kweli, yalidondoka kwenye sahani. Na mkono wake ukawa unaandika. Alilia na kuandika, mwanangu, vyote pamoja. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho."

"Na uso wa bibi?"

"Nipe wangu. Watu wanajua ni mimi. Ila unichore vizuri, na unichore nikimtazama."

Alhamisi mchana Eliud aliingia kibandani Kyela, miwani kichwani, akinukia sabuni ya hoteli. "Dada Tuli! Niokoe, mchapaji Mbeya ananisubiri leo." Alifunua bahasha akiwa amesimama. Alipouona ukurasa wa kwanza, alikaa.

Mwanamume mwenye daftari alikuwa kando ya mafiga, sahani ya samaki magotini, machozi yakimshuka, kalamu ikienda. Mbele yake mwanamke mwenye kovu mkononi alikuwa akimtazama. Juu ya kichwa cha mwanamume kilining'inia kiputo kikubwa, kitupu.

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo."

"Hii haimo kwenye hadithi."

"Imo. Ndipo ilipoanzia."

Eliud alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ni nani wa mama huyu?"

"Mwanawe. Lugano alikuwa mdogo wangu."

Nje gari la matangazo lilipita, likiwaalika watu wote Jumamosi, Lyulilo, waje waone *Bibi wa Vyungu* akitoka kwenye televisheni na kuingia mikononi mwao. Eliud alingoja sauti yake mwenyewe, iliyorekodiwa, iishe.

"Nitatafuta mchoraji mwingine."

"Mtafute. Leo Alhamisi." Tulinagwe alikuwa akiosha brashi. "Nilichora na uso mwingine, kabla ya huu. Una mikunjo mitatu. Jino la mbele limelalia jingine. Kidoa chini ya jicho, kushoto."

Mkono wa Eliud ulipanda shavuni mwake, ukabaki pale. "Mama yangu hajakukosea kitu."

"Wangu alikukosea nini?"

Eliud alipekua bahasha. "Uko wapi huo ukurasa?"

Tulinagwe alichovya kalamu kwenye wino, akaiweka mbele yake.

"Hicho kiputo ni chako. Kompyuta isikiguse. Andika kwa mkono, watu wa Lyulilo waujue mwandiko wako."

"Niandike nini?"

Kwenye kona ya kibanda palikuwa na chungu kipya, bado kina alama nyeusi ya moto tumboni na michoro myeupe shingoni. Tulinagwe alichota maji kwa kikombe cha bati, akakiweka mezani kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopewa.

"Kunywa maji kwanza," alisema.

Eliud alikitazama kikombe, kisha chungu, akaitambua michoro ya Angetile. Hakunywa. Hakuandika. Kikombe kilianza kutoa jasho, na maji yakachora duara juu ya meza, yakitambaa polepole kuelekea ukingo wa karatasi.