Mtumbwi wa Mama Bakari

Jikoni kwa Bi Mwanaisha, kule Msimbati, palikuwa na rafu ya ubao wa mnazi, na juu yake makopo manne yaliyofunikwa vitambaa alivyovishona pindo mwenyewe. Kopo la kwanza la chai, la pili la chumvi, la tatu la bizari. La nne lilikuwa bati la manjano lenye maandishi ya Kizungu, na ndani yake chengachenga za rangi ya asali iliyoganda. Hizo ziliitwa lesithini.

Bati hilo lililetwa na mwanawe, Bakari, kibarua wa bandarini Mtwara. Bakari alikuwa msahaulifu tangu utoto. Aliweza kusahau kofia aliyoivaa. Mpishi wa meli moja iliyokuja kupakia korosho alimwonea huruma akampa lile bati, na karani akamtafsiria: kitu hiki kinatoka kwenye maharage ya soya, kinafaa kichwa, kinafaa mishipa na mwili uliochoka.

"Nikamuuliza nile kiasi gani," Bakari alimsimulia mama yake. "Akacheka. Akasema hiki ni chakula, si dawa. Kula kijiko, kula vijiko vitano, hakidhuru."

Bi Mwanaisha alilishika neno hilo kuliko alivyolishika bati. Akawa anachanganya lesithini kwenye uji. Alikula yeye kwa ajili ya magoti, akala Bakari kila alipokuja mwisho wa mwezi, na jirani mwenye mtoto asiyelala akapewa ya kufunga kwenye karatasi. Hakuna aliyedhurika. Bakari aliendelea kusahau, ila alisahau akiwa amenenepa kidogo. Basi fikra ikamkaa bibi yule kichwani, ikatulia kama kuku kwenye mayai: kitu kikishakuwa chakula, hakina kipimo.

Mke wa Bakari aliitwa Salma, na aliishi na mkwewe pale Msimbati. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache na kicheko cha ghafla. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya kwanza iliondoka yenyewe. Ya pili aliipoteza kwa kuanguka. Alikuwa anatoka kisimani magharibi, na macho yake yalikuwa na tatizo: jua likizama tu, haoni. Akakikwaa kisiki ambacho hata mtoto angekiruka, akaangukia tumbo, na ndoo juu yake.

Sasa alikuwa na mimba ya tatu, miezi miwili. Macho yalikuwa yale yale.

"Huyu hatutampoteza," Bi Mwanaisha alimwambia. "Magharibi hutoki. Maji nitachota mimi, na magoti yangu haya."

Wakaenda zahanati. Nesi Theresia, msichana wa Kimakonde kutoka Newala, alimtazama Salma macho, akampa kichupa cha mafuta ya ini la samaki.

"Kijiko kimoja cha chai kwa siku," alisema. "Na mboga za majani, mama. Kisamvu, mchicha, na papai likiwepo."

Kichupa kiliisha kabla mwezi haujakwisha. Walipokwenda tena, Theresia alifungua kabati kuwaonyesha kuwa ni tupu. Mafuta yameisha, mzigo haujafika kutoka mjini. Kwa sasa wale mboga, wasubiri.

Bi Mwanaisha alirudi akiwaza njia nzima. Ini la samaki. Wao Msimbati wana shida gani ya ini la samaki? Kule mwisho wa kijiji, alikokaa Mzee Inasio, kulikuwa na pipa zima.

Inasio alivuka Ruvuma vita vilipoanza ng'ambo, akaja na mke, binti yake Konseisao, na kazi yake ya kuvua papa. Nyama aliikausha kwa chumvi. Maini aliyachemsha kwenye pipa lililokatwa nusu, mpaka yakatoa mafuta mazito yanayoitwa sifa, ambayo watu hupaka vyombo vyao visiliwe na wadudu wa baharini. Harufu yake ilikuwa ikikushika nguoni siku tatu. Na pale pipani hakukosekana paka wake, jike la kijivu lililokonda, masikio hayana manyoya. Inasio alimwita Senyora.

"Mtazame alivyo na maringo," alimwambia Bi Mwanaisha siku hiyo. "Ukimwita hageuzi shingo. Anageuka mwili mzima, kama jahazi."

Kweli paka aligeuka mwili mzima, akamtazama.

"Nipe sifa, Mzee Inasio. Chupa moja."

"Ya nini, Mama Bakari?"

Hapo ulimi ukamsaliti. Aliona haya kusema kwamba mkwewe atakunywa kitu cha kupaka mitumbwi. Habari ingefika kisimani kabla yake, na wanawake wangecheka mpaka ndoo ziwamwagikie.

"Bakari anachongesha mtumbwi," alisema.

"Basi nikupe ya papa mkubwa," alisema Inasio, akakoroga chini kabisa. "Hii ndiyo yenyewe."

Salma alipofungua kizibo aligeuza uso. "Mama, hii si ile ya nesi."

"Ile ya nesi ilipitia Ulaya ikachoka njiani. Hii imetoka hapa hapa. Ziba pua."

Alimpa vijiko viwili vya kulia uji asubuhi, viwili jioni. Mwanzo wa wiki ya pili, jua lilipokuwa limezama na anga imebaki na wekundu mdogo, Bi Mwanaisha alitupa punje ya korosho mchangani, hatua sita mbele.

"Iko wapi?"

Salma akaenda moja kwa moja akaiokota. Akamgeukia mkwewe machozi yakimlenga, akacheka kile kicheko chake. "Naiona mpaka mkunjo wake, mama."

Usiku ule Bi Mwanaisha aliswali rakaa mbili za shukrani. Na kwa kuwa kidogo kimefaa, akaona kingi kitafaa zaidi. Akaacha kijiko, akachukua upawa.

Mwezi wa kwanza wa upawa kilichokuja kilikuwa kichekesho tu. Paka wa kitongoji walianza kumfuata Salma. Akienda shambani kufukua mihogo, wawili nyuma. Akikaa kusuka ukili, watatu mlangoni. Majirani wakamtania kwamba amewaoa.

Mwezi wa pili midomo yake ilianza kupasuka kwenye pembe. Ngozi ya viganja ikabanduka, nyembamba na nyeupe kama ngozi ya kitunguu. Bi Mwanaisha alikichukua kiganja cha mkwewe akakiangalia juani, huku na huku.

"Uchafu unatoka," alisema. "Dawa inasafisha."

"Kichwa kinaniuma, mama. Toka ndani ya macho."

"Ni mimba."

Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, fungu zima kwa mara moja. Bi Mwanaisha alizikusanya akazifukia nyuma ya nyumba, asizione mtu. Alimwambia Salma ni mtoto wa kike huyo, watoto wa kike huchukua uzuri wa mama zao tumboni.

"Leo nipumzike, mama," Salma alisema asubuhi moja, kanga kaifunga kichwani kwa nguvu mpaka nyusi zimepanda. "Leo tu."

"Uanguke tena?"

Salma akafungua kinywa, akanywa.

Chupa ya nne alipoifuata, Inasio aliacha kukoroga.

"Mtumbwi gani huo, Mama Bakari, unaokunywa namna hii?"

"Mkubwa."

"Mkubwa kiasi gani? Chupa tatu zinapaka mashua." Kisha akatabasamu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema. "Mnapaka vibaya. Mnamwaga. Nitakuja Ijumaa na brashi yangu ya makumbi niwaonyeshe."

"Usisumbuke."

"Si usumbufu. Bakari aliwahi kunisaidia pale forodhani, na nadhani amesahau."

Ijumaa alikuja, brashi mkononi. Salma alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, mgongo kaipa njia, anabangua korosho. Paka wawili walikuwa wamelala ubavuni pake.

"Hodi wenyewe."

Salma alitaka kumwangalia. Akaweka korosho chini, akaegemea mkono, akageuka kuanzia kiunoni. Mabega, shingo na kichwa vilikuja pamoja kama ubao.

Inasio alisimama pale pale. Aliangalia midomo. Aliangalia viganja, na upande wa kanga ambako nywele zilikuwa haba. Alipomtazama Bi Mwanaisha aliyetokea mlangoni, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama Bakari. Mtumbwi uko wapi?"

Bi Mwanaisha alijifuta mikono kwenye kanga.

"Umempa huyu?"

"Ni ini la samaki. Nesi mwenyewe alimpa. Macho yamefunguka, muulize."

"La papa?"

"Ni chakula, Inasio."

"Chakula." Akaiweka brashi chini taratibu. "Mimi maini yakichemka namfukuza hata mbwa. Senyora alinishinda tu, aliyaramba tangu mdogo. Masikio yakapukutika, shingo ikakauka. Na alipozaa, wale watoto wake..."

Macho yake yakashuka kwenye tumbo la Salma.

"Watoto wake walifanya nini?" Salma aliuliza.

"Walikuwa paka tu, mwanangu," alisema Inasio. "Nilisahau nilichotaka kusema."

Siku hiyo hiyo Bi Mwanaisha aliimwaga ile chupa mchangani. Paka wakaja mbio, akawafukuza kwa mwiko, akafukua mchanga wote uliolowa akaupeleka mbali kwa karai. Jumamosi lori la nazi liliwashusha mlangoni mwa zahanati.

Theresia aliisikia habari ya mafuta ya papa, akampima Salma, akamtuma nje akapumzike kwenye benchi. Kisha akafunga mlango.

"Kijiko kipi, bibi?"

Bi Mwanaisha alitoa upawa kwenye mkoba. Alikuwa ameubeba makusudi, hakutaka kusema uongo mwingine.

Nesi aliushika upawa ule kwa muda. Hakupandisha sauti, na Bi Mwanaisha angependa apandishe.

"Mafuta haya yanakaa mwilini. Hayatoki kama maji. Kidogo yanaponya, mengi ni sumu. Alianza mimba ikiwa na miezi mingapi?"

"Miwili. Ya kwako ya kijiko. Yangu mitatu kasoro."

Theresia aliandika. Aliandika mistari mingi kuliko maneno yaliyosemwa.

"Aache leo hii. Kichwa kitapoa. Ngozi itarudi, na nywele zitaota. Hata shingo."

"Na mtoto?"

Nesi alifunika kalamu yake. "Mtoto tutamwona akija."

Hayo Bi Mwanaisha hakumwambia Salma. Alimwambia yale ya nywele na ngozi, na yote yakawa kama yalivyosemwa. Kichwa kikaacha kuuma. Viganja vikawa laini. Nywele zikachipua fupi fupi, na Salma akawa anazipapasa akicheka. Alinenepa. Aliimba akitwanga. Kila alipoimba, Bi Mwanaisha alitafuta kazi nje. Usingizi wake ukawa wa vipande. Lile bati la manjano aliligeuza maandishi yakatazama ukuta, kama vile lingeweza kusema. Mtoto alicheza tumboni, na Salma alimshika mkono mkwewe akauweka pale.

"Unamsikia teke lake?"

"Namsikia."

"Huyu kafika, mama. Huyu tumemfikisha."

Uchungu ulimshika alfajiri ya Alhamisi, na jua lilipokuwa limepanda kiasi cha mkono mmoja, mtoto alikuja. Aliyempokea ni Bi Mwanaisha. Alikuwa wa kiume, mzito, na alilia vizuri. Mkunga alikuwa anashughulika na mama yake.

Bi Mwanaisha alimfuta kwa kanga kuukuu. Alianza na miguu. Akahesabu vidole, kumi. Mikono, kumi. Akapitisha kidole ndani ya kinywa, juu, kaakaa lilikuwa zima. Akapapasa sikio la kulia, likakunjuka laini. Akahamia kushoto.

Kidole chake kikapita moja kwa moja. Akarudisha. Palikuwa na kinundu kimoja, kidogo kama punje ya choroko, na baada ya hapo ngozi tupu, nyororo, haina tundu.

"Mama, ni mzima?" Salma aliuliza kutoka kitandani.

"Ni wa kiume," alisema Bi Mwanaisha. Akamviringisha, akafunika kichwa, akamlaza kifuani kwa mama yake, upande wa kushoto ukiwa chini.

Na hivyo ndivyo alivyomlaza kila alipomchukua na kumrudisha, asubuhi nzima, mpaka Bakari akafika adhuhuri na lori la kwanza. Aliingia na vumbi lake. Na safari hii hakusahau kitu: amekuja na sukari, amekuja na tende, ametawadha kwa jirani ili amwadhinie mwanawe bila kukawia.

"Nipe, mama."

Bi Mwanaisha alimpa. Hakuwa na pa kwenda. Mlango ulikuwa nyuma ya Bakari.

Bakari alielekea kibla, akafunua kitambaa upande wa kulia, akainama. Akaadhini kwa sauti ya chini katika sikio la mwanawe, neno baada ya neno, na mtoto akanyamaza kama anayesikiliza. Alipomaliza alimgeuza, amkimie, ule wito wa pili ufuatao adhana, katika sikio la kushoto, kama alivyofanyiwa yeye na baba yake.

Akafunua kitambaa.

Bakari alibaki ameinama, midomo karibu na ngozi ile. Kisha akakimu. Alikimu pale pale, polepole, neno hata moja hakuliruka.

Kitandani, Salma alikuwa ameona. Macho yake siku hizi hayakupitwa na kitu. Mabega yake yalibaki yametulia kwenye mto, na shingo peke yake ikageuka, laini, bila shida yoyote, mpaka uso wake ukamwelekea mkwewe.

"Mama," alisema. "Watoto wa yule paka walikuwaje?"