Ndoa Iliyosubiri Pilau

Kirunda alikuwa mtu wa kujivuna, na tuseme ukweli tu, kujivuna ndiko kulikomponza. Hakuwa mtu mbaya, la! Angekuwa mbaya ningemsimulia kwa raha zangu. Alimpenda Kagoya, mama wa binti yake, na walikuwa wameishi nyumba moja tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Ila hakuwahi kumpeleka kanisani wakafunga ndoa.

Na kanisa lenyewe lilikuwa pale pale, ng'ambo ya barabara, katika kamji kao kadogo upande wa Budondo, nje ya Jinja. Watu wa kwanza walihamia pale baada ya ugonjwa wa malale kufagia vijiji vya kando ya ziwa, wakakuta pori na nyani. Kabla hata hawajajijengea nyumba za maana, walifyatua matofali, wakayachoma, wakasimamisha kanisa, na mji ukaota kulizunguka. Babu yake Kagoya alikuwa mmoja wa wafyatuaji. Karibu na mimbari kulikuwa na tofali lenye alama ya kiganja chake, na kila Jumamosi Kagoya alipokwenda kufagia, aliweka mkono wake pale kidogo, kisha akaendelea na kazi.

Kufagia alifagia, maua alipanga, ngoma ya kuwaita watu alipiga. Lakini meza ya Bwana asiiguse, maana hana ndoa! Wenzake wakisimama kwenda kupokea mkate na divai, yeye alibaki kwenye benchi pamoja na wasichana waliozalia nyumbani, kichwa chini. Na kulikuwa na sheria nyingine iliyomtia hofu zaidi: asiye na ndoa akifa, jeneza lake haliingii kanisani. Linaachwa nje, watu wakisali ndani.

"Baba Namukose," alikuwa akimwambia Kirunda, "hili jambo utanifanyia lini?"

"Nitakufanyia, tena kwa kishindo. Au unataka wageni wetu watafune miwa?"

Hapo ndipo penye ugonjwa wake. Kwake yeye, na kwa wengi wa pale, ndoa bila pilau na ng'ombe si ndoa, ni kikao. Mwaka huu mahindi yamekauka, mwaka mwingine wamefiwa, mwaka wa tatu paa linavuja. Muzafaru, mchinjaji wa mtaani aliyekuwa ameahidiwa kumchinja huyo ng'ombe, alimtania kila walipopishana: "Mzee, ng'ombe wetu bado ananyonya?" Kirunda alicheka. Laiti angejua!

Halafu Kasisi Waiswa akatangaza kwamba kuta zimepasuka, kanisa la zamani litabomolewa, lijengwe jipya. Siku hiyo Kagoya alirudi nyumbani akakaa mlangoni bila hata kuvua gomesi yake, vazi lake la kanisani.

"Mimi sitaki hilo jipya," alisema. "Nataka kuolewa mle alimoweka mkono babu yangu. Niingie mle na wewe mara moja tu, basi, nitakuwa nimeridhika."

Safari hii Kirunda alibanwa. Majina yalipelekwa, yakatangazwa Jumapili zote zinazotakiwa, na hakuna aliyepinga. Lakini moyo wa Kagoya, ambao ulikuwa ukimsumbua kwa muda, ukazidi. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kutafutwa. Namukose, binti yao anayefanya kazi kiwandani Mbale, alikuja na gari ili ampeleke mama yake hospitali ya huko. Kasisi aliposikia, akaja mwenyewe hadi nyumbani.

"Mzee Kirunda, gari halijaondoka. Njooni sasa hivi, hivyo mlivyo. Namukose yupo, mke wangu yupo, mashahidi ndio hao. Tutamaliza kabla chai haijapoa."

Kagoya alikuwa amekwisha simama, ameshika ukuta. Alimtazama Kirunda, uso mzima ukimwomba.

Na Kirunda, Mungu wangu, akasema: "Hivi hivi? Watu si watasema nimemwoa mgonjwa kwa kujificha! Aende akapone. Akirudi tutafanya kitu cha kuonekana."

"Baba!" Namukose alisema.

"Nimesema akirudi."

Kagoya aliuachia ukuta. Aliketi, akaomba maji ya kunywa, na baadaye wakampakia garini.

Alirudi, ndiyo. Alirudi ndani ya jeneza, nyuma ya pikapu, njia nzima ya kutoka Mbale, Namukose ameketi kando akilishikilia lisiteleze kwenye matuta.

Wakati huo mafundi walikuwa wameezua mabati ya kanisa, wakang'oa milango na madirisha. Zilibaki kuta tu, na jua likaingia mpaka mimbarini. Mbuzi walikuwa wakipita humo wapendavyo. Wabebaji walipofika kizingitini, Kasisi Waiswa aliinua mkono, macho yake chini.

"Hapo hapo, ndugu zangu. Mnaijua sheria."

Kirunda akamwendea. "Kasisi, mlango uko wapi? Hebu nionyeshe huo mlango ambao mke wangu haingii!"

"Mzee, tafadhali..."

"Basi tufungishe! Majina si yalitangazwa? Nimekuja. Sitaki pilau, sitaki chochote, tufungishe!"

Kasisi alimshika bega. "Siku ile ningeweza, Mzee. Leo nani atanijibu kwa upande wake?"

Kirunda akaangua kilio. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, mbele ya watu wale wale ambao kwa ajili yao alikuwa amesubiri miaka yote. Nao walikuwa wengi kweli, wamejaa hadi barabarani.

Jeneza likatuliwa pale nje, wafiwa wakaitwa ndani. Namukose alimvuta baba yake mkono, lakini Kirunda akakataa. Aliketi kwenye vumbi kando ya jeneza, mgongo ukutani. Sauti ya Kasisi ilimfikia vizuri, maana hakukuwa na paa la kuizuia. Ilimtaja Kagoya, mjukuu wa mmoja wa waliojenga kanisa hili. Kagoya, mfagiaji wa nyumba ya Mungu. Kagoya, mama wa Namukose. Ikaishia hapo.

"Na mke wa Kirunda!" Kirunda alipaza sauti kutoka nje.

Alingoja. Kisha Kasisi akataja namba ya wimbo, na watu wakasimama kuimba.