Jambazi wa Tatu na Mlango wa Friji

Kabla hakujapambazuka, jino lilidondoka ndani ya beseni la bati, likalia ti. Mama, aliyekuwa macho kitandani, alijifunga kanga akaenda kuchemsha maji.

Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Njiti kwa wembamba wake, alikuwa ameketi jikoni, shati limelowa damu. Jana jioni alikuwa amekufa tena. Aliigiza jambazi wa tatu katika filamu ya kuchekesha iliyotokana na kitabu cha katuni, ambamo shujaa mwenye joho jekundu huwapasua wahalifu huku akilalamika kwamba wanamchafulia viatu. Jambazi wa tatu hupigwa kwa mlango wa friji. Filamu ilionyeshwa kila jioni, kwa hiyo Njiti alikufa kila jioni, na kila alfajiri alirudi nyumbani kwa miguu. Majeraha yalifunga kabla ya adhuhuri. Meno ndiyo hayakurudi.

"Jana walicheka hao!" alisema, kwa fahari kidogo.

"Naona," Mama akajibu, akitazama beseni.

Hilo walishalijua. Ukumbi ukicheka kidogo, Njiti alirudi na uvimbe tu. Ukiangua kicheko, jino lilikwenda. Mama alikuwa dobi. Damu aliijua, dawa yake maji baridi na chumvi. Ila hakujua meno yakiisha kitafuata nini, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

Akaenda kwa meneja wa ukumbi, akamkuta juu ya ngazi anabadilisha balbu.

"Meneja, kile kipande cha friji kikateni."

"Mama, nikikikata hicho watanivunjia viti."

"Basi wacheke kidogo kidogo."

"Kicheko cha kidogo kidogo hakijazi ukumbi, mama yangu," meneja akasema kwa upole. Akashuka, akamwambia aingie bure siku yoyote.

Mama akawa anaingia. Alikaa katikati, mikono mapajani, bila kucheka, na waliokaa karibu naye wakaona haya wakapunguza sauti. Mkata tiketi, mwanamke aliyeelewa bila kuambiwa, alidondosha funguo zake sakafuni kila mlango wa friji ulipofunguka, watu wakageuka kutazama. Hata mwigizaji wa yule shujaa, kijana mpole asiyeweza kuua mende, alimtuma dereva alete dawa ya kuchua. Alfajiri zikapita kimya. Mama akaanza kulala.

Jioni moja mkata tiketi akawa mgonjwa. Mama alikaa palepale katikati kama kawaida yake, akakaza midomo. Kwenye pazia la sinema, Njiti alimwona shujaa anakuja na shoka, akafungua friji kwa adabu, akauliza, "Samahani bosi, ya baridi au ya moto?" Akapandisha unyusi mmoja, vilevile kama marehemu baba yake alivyopandisha alipochelewa kurudi nyumbani.

Kicheko kikamponyoka Mama kama sahani yenye sabuni. Akaziba mdomo kwa kanga, lakini ukumbi mzima ulikuwa umekisikia, na watu waliojizuia muda mrefu wakaangua kwa pamoja. Mlango wa friji ukamshukia Njiti.

Alfajiri beseni likalia ti, kisha ti.

Mama alimkuta Njiti jikoni, shavu limevimba, macho yanang'aa.

"Nisamehe, mwanangu."

"Mama, nilikusikia. Katika wote wale, nilikusikia wewe." Maneno yalitoka na upepo, kwa mapengo. "Kumbe nachekesha!"

"Unachekesha, baba. Fumbua mdomo nione."

Alifumbua. Yaliyobaki Mama aliyagusa moja moja kwa kidole, polepole, kama mtu anayepapasa vifungo gizani. Njiti akamwambia kwamba meneja ameongeza onyesho la mchana, watu wamefurahi mno. Mama akaloweka shati kwenye maji baridi, akatia chumvi, akasugua.

"Mchana utakuja tena, Mama?" Njiti akauliza nyuma yake. "Ukae palepale katikati?"