Funda la Tatu

Tangu mafua makali ya mwezi uliopita, pua ya mwonjaji wa mvinyo ilikuwa imekufa ganzi, na ulimi nao ukaifuata. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Ikijulikana, kazi ndiyo basi tena. Leo bosi alimwekea mvinyo mwekundu wa Kihispania, wa bei poa, akitaka alama kabla ya kuagiza kontena zima.

Alizungusha glasi, akanusa. Hola, hakuna harufu. Akavuta funda, akalisukasuka mdomoni. Maji ya bomba tu. Siku zote alikuwa akitema kwenye ndoo, lakini leo akameza, labda koo lingemwambia kitu. Akameza la pili, halafu la tatu.

"Vipi, mzee wa pua?" bosi akauliza. "Unaonja au una kiu?"

"Nane kwa kumi. Matunda yamekolea."

Bosi akachungulia ndoo. Kavu. "Miaka kumi na saba, kaka, sijawahi kukuona ukimeza. Kuna nini?"

Alitafuta uongo mwingine, machozi yakamtangulia.

"Sisikii ladha, bosi. Hata chai ya asubuhi siisikii. Usinifukuze, nakuomba."

Bosi alimwondolea mkononi taratibu kalamu ya kuandikia alama, akamwita dereva wa kampuni aje aonje badala yake.