Pilau ya Msamaha

Pilau ile niliipika mimi. Nasema mapema, asije mtu akadhani nilikuwa mbali wakati mguu wa mume wangu unatolewa sadaka.

Mume wangu Mashaka ni fundi wa vitanda na makabati pale Keko. Siku ya ajali walikuwa wanampelekea mteja kabati Mkuranga kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ya kukodi, naye amekaa nyuma kwenye mzigo, analishikilia lisikwaruzike. Walipopita Kongowe, lori la mchanga likaovateki kwenye kilima na kuwafuata upande wao. Kabati likawa kuni. Mguu wa Mashaka ukapondeka. Daktari akasema wataufunga kwa muda, lakini bila operesheni kubwa ya kuutia vyuma, fundi huyu hatasimama tena kwenye meza ya kazi. Akatutuliza kwamba bima ya lori ndiyo inayolipa mambo kama haya, maana mwenye kosa anajulikana.

Tukamshukuru Mungu. Masikini sisi.

Wiki haijaisha, mwenye lori, bwana mmoja wa Kinyerezi aitwaye Didas, akaja mtaani kwetu Tandika na watu wake. Hakuja nyumbani kwetu. Alikwenda kwa Mzee Sadallah, baba mkubwa wa Mashaka, kwa sababu alishachunguza akajua baba mzazi amefariki na huyo ndiye msemaji wa ukoo. Alileta mchele, mafuta, mbuzi, na mama wa dereva wake. Mimi nikaitwa nikapike.

Kwa baba mkubwa, jiko na ukumbi vimetenganishwa na pazia tu. Nilimsikia yule mama akilia kwamba mwanawe yuko mahabusu na wajukuu hawana wa kuwalisha. Nilimhurumia, sitadanganya. Nikamsikia na Didas akisema ajali ni mipango ya Mungu, na kwamba watu wa pwani wanasifika kwa ustaarabu. Hapo baba mkubwa akakohoa. Kikohozi kile nakijua, hukitoa anapotaka kusema neno ambalo watu watakwenda kulisimulia.

"Sisi si watu wa mahakamani," akasema. "Tumesamehe. Kesi tutakwenda kuifuta."

Wazee wakaitikia, fatiha ikasomwa. Nilisimama na mwiko mkononi nikingoja angalau mmoja aulize mwenye mguu anasemaje. Hakuna aliyeuliza. Pilau ikasifiwa sana.

Kesho yake wakamfuata hospitali na karatasi ya polisi ya kufuta kesi. Mashaka alikuwa amelala, mguu umening'inizwa, dawa za maumivu zimemlegeza. Akasema angependa kwanza kufikiri. Baba mkubwa hakumfokea. Aliinama akamwambia taratibu kwamba ameshatoa neno mbele ya watu, na asimwaibishe yeye aliyemlea tangu udogoni. Aliyekulea akisema hivyo, haombi. Mashaka akatia sahihi, dereva akatoka, na mimi nikakaa kimya kama mke mwema.

Tulipokwenda ofisi ya bima ya lile lori mjini, dada mmoja aitwaye Loveness alitusikiliza mpaka mwisho. Nilitamani awe na kiburi, nipate wa kumchukia. Akatueleza kwamba wao humlipa majeruhi pale mahakama inapoamua kuwa dereva alikosa.

"Hii kesi haikufika popote," akasema. "Nyie wenyewe ndio mlioenda kusema hamna lalamiko."

Nikamuuliza, lori je? Maana nimeliona linapita Temeke, uso mpya, rangi inang'aa. Akainamisha macho. Lori lilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lenyewe likiharibika, mwenyewe alishadai na alishalipwa. Lori halina baba mkubwa.

Nilikwenda kwa mzee peke yangu. Nikampigia magoti kabisa, nikamwomba tufuatane kituoni akaseme kwamba mgonjwa alibanwa, huenda kesi ikafufuliwa. Neno lake moja tu, basi. Akaniangalia kwa masikitiko makubwa, akasema mate yakishatemwa hayalambwi, na watu wa msikitini watamwonaje. Akanikumbusha kuwa subira huvuta heri. Mume wangu anavuta mguu.

Siku hizi Mashaka anakaa barazani anapiga msasa vigoda vya mafundi wenzake, kazi ambayo zamani alikuwa anawapa wanaojifunza. Operesheni hatuizungumzii tena.

Idd iliyopita baba mkubwa alikuja kututembelea amevaa kanzu mpya, zawadi ya Didas. Majirani walikuwa wamejaa uani. Maisha yake yote Mashaka akimwona mzee huyu tokea mbali husimama, akamwendea na kumpokea kwa mikono miwili. Siku hiyo alisema shikamoo akiwa pale pale kwenye mkeka, magongo yameegemezwa ukutani. Baba mkubwa akacheka kidogo, kwa kutaka kulifunika jambo.

"Marahaba. Kaa tu, mwanangu, usijisumbue kuinuka."

"Sijisumbui, baba mkubwa," Mashaka akasema. "Ulishanikalisha."

Mzee akakohoa, lakini safari hii hakuna neno lililofuata. Akageuka kwangu, akauliza kama pilau iko tayari.

Nikamwambia sikupika.