Mguu wa Mbele wa Kushoto

Siku farasi yule alipoletwa Inver Grove Heights, Minnesota, mwezi wa nne mwaka 2010, alikuwa amekwisha kushindwa mara tisa mfululizo. Alikuwa na miaka minne, mbavu zikihesabika, na karatasi zake zilisema anaitwa Tuesday Rain. Kwenye mbio za uwanja tambarare alikuwa akitoka wa mwisho na kufika wa mwisho. Mzee Francis, mwenye shamba, alimnunua siku mbili kabla hajapakiwa kwenye lori la machinjioni, na alipoulizwa kwa nini, alisema tu kwamba farasi alimtazama.

Muriuki, saisi wa mzee, yaani mtunza farasi wake, ndiye aliyemshusha. Akamwita Mvua hapohapo, kwa kuwa jina refu la kwenye karatasi halikumfaa kiumbe aliyekonda namna ile.

Muriuki alikuwa mtu wa Kenya, mkazi wa Blaine, na kila siku aliendesha gari kutoka kaskazini ya mji wa Minneapolis hadi kusini yake kabla barabara hazijajaa. Wakenya wenzake wengi waliuguza wagonjwa. Mkewe Serah alikuwa muuguzi hospitalini mjini humo, na Muriuki mwenyewe alikuwa na cheti cha kuhudumia wazee, kimekaa kwenye droo. Lakini baba yake alikuwa saisi wa farasi wa mbio kule Ngong kwa miaka thelathini, naye alikulia mazizini, akanuka farasi hadi shuleni. Alipoona tangazo la Francis akahisi kama ameitwa kwa jina.

Kutoka kwa baba yake alirithi kazi moja ambayo hakuiacha hata siku moja. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, alivua glavu, akapiga magoti na kuishika miguu ya farasi mmoja mmoja kwa mikono mitupu, kutoka goti hadi kwato. Mguu mzima ni baridi. Mguu unaotaka kuumia huanza kwa joto dogo, siku kadhaa kabla farasi mwenyewe hajajua. Alifanya hivyo hata Januari, wakati pua za farasi zilipoota barafu na vidole vyake vikiuma hadi machozi yakamtoka. Francis hakuweza kufanya kazi hiyo. Vidole vyake viliganda kwa barafu zamani, akiwa kijana, na tangu hapo havikujua moto wala baridi. Alikuwa akisema kwa utani kwamba amemwajiri Muriuki mikono tu, hayo mengine amepewa bure.

Kwamba Mvua anaweza kuruka, waligundua kwa bahati. Asubuhi moja Muriuki alimkuta ng'ambo ya ua akila tufaha chini ya mti wa jirani. Ua ulikuwa mzima, lango limefungwa. Akamrudisha, akajificha nyuma ya ghala, akamwona akirudi nyuma hatua sita, akitikisa masikio, akipita juu ya mbao kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Muriuki akaenda mbio kumwita mzee.

Kwa hiyo wakamwingiza kwenye mbio za kuruka viunzi. Mbio hizo hazifanyiki Minnesota, hufanyika majimbo ya mashariki na kusini, na kila safari ilikuwa siku nzima au mbili za treila. Mwaka 2011 Mvua alishika nafasi ya tatu, kisha ya pili, kisha akashinda. Mwaka uliofuata alishinda mbili. Mwaka 2013 alishinda nne, na watu wenye kofia za bei walianza kuuliza huyo anatoka wapi, na Francis akawajibu kwa kiburi kitamu kwamba anatoka Minnesota, kwenye theluji. Mwaka 2014 alishinda nne nyingine. Kanisani Minneapolis, watu ambao hawakuwahi kumgusa farasi walimwombea Mvua kwa jina, na binti yake Muriuki, Fiona, alibandika picha yake juu ya kitanda.

Mwaka huohuo wa 2014 ndipo lilipotokea jambo ambalo Muriuki hakulisahau. Wiki moja kabla ya mbio, alihisi mguu mmoja wa nyuma una joto. Akamwambia Francis waziwazi. Mzee, ambaye alikuwa amemzika mke wake mwezi uliotangulia, alimfokea mbele ya fundi wa kwato, akamwambia analipwa kwa kupiga brashi na si kwa kutabiri. Joto lile likaisha, Mvua akakimbia, akashinda. Francis hakulitaja tena. Muriuki naye akajifunza somo, na kumbe lilikuwa somo baya.

Majira ya kuchipua ya 2015, Mvua akiwa na miaka tisa, Francis aliwaalika Muriuki na Serah kwa chakula. Akasema kwamba zimebaki mbio moja tu, zile kubwa za Tennessee za mwezi wa tano. Baada ya hapo Mvua hatakimbia tena. Ataishi kwenye malisho yale yanayoteremkia mtoni hadi afe kwa uzee, na Muriuki atamtunza.

"Wewe nirudishie tu farasi huyu nyumbani amesimama kwa miguu yake," Francis alisema.

Serah alimtazama mumewe akiitikia, na baadaye, ndani ya gari, alimwambia kwamba hajawahi kumwona na furaha kama ile tangu Fiona azaliwe.

Jumatano ya wiki ya mbio, Muriuki alipiga magoti, akashika mguu wa mbele wa kushoto, na mkono wake ukasimama. Akashika wa kulia. Akarudi kwa wa kushoto. Joto lilikuwa dogo sana, upana wa vidole viwili, nyuma ya mfupa, pale kano inapopita. Akakaa chini kwenye majani makavu. Mvua akamnusa shingo.

Alijua linalotakiwa. Alijua pia kwamba Francis ana miaka sabini na nne, kwamba hizi ni mbio zake za mwisho, na kwamba mdomo wa mfanyakazi ulikuwa umekwisha kutamka jambo kama hili mara moja ukafungwa. Kwao, neno zito hivi halipelekwi kwa mzee na mtu mdogo, uso kwa uso. Hutafutwa mtu wa makamo anayeheshimika, akatangulia kusema. Binti huombwa hivyo, ugomvi wa shamba husuluhishwa hivyo, hata habari ya msiba hufikishwa hivyo. Muriuki akatoka nje, akampigia simu Solomon.

Solomon alikuwa mzee wa kanisa, muuguzi wa miaka mingi, mwenye Kiingereza kilichonyooka. Alikuwa amewahi kufika shambani na Francis alimpenda. Muriuki akamweleza kwamba mguu una joto, kwamba ingefaa mzee amwondoe farasi mbioni, na kwamba mzee huyo ana moyo mgumu kwa jambo hilo.

"Nenda naye polepole," akamsihi. "Usimvamie."

"Baba Fiona, mimi nimewaambia watu habari za saratani," Solomon alisema. "Niachie."

Kitu kimoja Muriuki hakukisema, kwa sababu kwake kilikuwa wazi kama mchana, ni kwamba mbio zenyewe ni Jumamosi hii.

Mchana kutwa alimwagia Mvua maji baridi mguuni na kumfunga bendeji, kama ambavyo saisi yeyote angefanya. Alhamisi asubuhi Francis alikuja zizini akipiga mluzi. Akasema rafiki yake Solomon alimpigia jana jioni, wakazungumza nusu saa nzima. Mtu wa maana sana yule.

Muriuki akasubiri aendelee. Francis akampapasa Mvua shingoni, akasema, "Haya, tumpakie."

Basi, Muriuki akawaza, ameambiwa. Ameambiwa, amepima, ameamua. Labda anajua asilolijua yeye. Na kama mzee ameamua baada ya kusikia, kumrudia kwa neno lilelile ni kumwambia hana akili. Akamwingiza Mvua kwenye treila.

Safari ilikuwa ndefu na tulivu. Kila waliposimama, Muriuki alimwaga maji, akabadilisha bendeji, na Francis akiwa kando akinywa kahawa alimwona akifanya hivyo na hakusema neno. Hilo nalo Muriuki alilichukua kuwa jibu. Jumamosi asubuhi daktari wa uwanjani alimtembeza Mvua, akaushika mguu ambao maji baridi yalikuwa yameutuliza, akamwona yuko sawa.

Viunzi vya kwanza kumi Mvua alivipita kama ule ua wa tufaha. Aliongoza. Francis alikuwa ameshika reli kwa vidole vyake vilivyokufa. Kiunzi cha mwisho kasoro kimoja, Mvua aliruka vizuri. Alishuka vibaya. Mguu wa mbele wa kushoto uligusa nyasi na haukumbeba.

Alijaribu kuinuka, akainuka kwa miguu mitatu, na mpanda farasi aliyeanguka akaja akichechemea akamshika hatamu, kijana wa watu akilia. Muriuki alikimbia uwanja mzima. Walikuwa wameshaleta pazia la kijani, lile la kumficha farasi asiyeweza kuokolewa. Alimshika Mvua kichwa, akakiegemeza kifuani pake, akamwambia kwa Kikuyu maneno ambayo baba yake aliwaambia farasi, ambayo hayana maana yoyote zaidi ya sauti. Daktari akafanya kazi yake. Kichwa kikawa kizito, kisha kikawa kizito zaidi ya alivyoweza kukishikilia.

Jumapili, walipokuwa wakirudi na treila tupu ikigonga-gonga nyuma yao, walisimama kujaza mafuta. Simu ya Muriuki ikalia. Alikuwa Solomon, akitoka ibadani, na sauti yake ilikuwa nyepesi.

"Baba Fiona, yule mzee ni mtu mzuri kweli. Jumatano nilimjulia hali tu, nikaulizia afya, nikampa pole ya marehemu mkewe. Njia nimeshaifungua. Kesho nitampigia tena nimweleze lile jambo la mguu."

Muriuki akasimama na pampu mkononi hadi Francis alipomwambia kwamba tangi limejaa na mafuta yanamwagika.

Ndani ya gari, maili nyingi zikipita, Francis hatimaye alisema kile alichokuwa amekibeba tangu jana. "Mikono yako ilikuwa kwenye mguu ule kila asubuhi. Hakukuwa na kitu?"

"Kulikuwa na joto," Muriuki alisema. "Tangu Jumatano. Nilidhani Solomon amekuambia."

Francis akalipeleka gari pembeni ya barabara, akalizima. Malori yalipita yakiwatikisa. Muriuki akamweleza yote. Yalikuwa maelezo mafupi, na kwa Kiingereza yalisikika kama ya mtoto.

"Ningemwondoa," Francis alisema. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Siku ile nilipokukaripia, nilijua nimekosa, nikaona haya kukuomba radhi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama mikono yako. Niliona maji na bendeji, nikasema ni uangalifu wake tu, kungekuwa na jambo angesema. Nilikuwa nikikuamini wewe, Muriuki. Si daktari."

Kufika Blaine, Serah alimpokea mlangoni bila kuuliza. Fiona, mwenye miaka kumi na minne, alisikiliza habari yote akiwa amekaa kwenye ngazi, kisha akauliza kwa Kiingereza chake cha hapa, bila ukali wowote, kwa nini baba hakumwambia Francis mwenyewe tu.  Muriuki alitafuta jibu katika Kiswahili, akalitafuta katika Kikuyu, na lugha zote mbili zikamwacha amesimama. Fiona akapanda chumbani. Picha hakuibandua.

Walikuwa wamebaki farasi wawili wa kike zizini. Kila asubuhi Muriuki alishika miguu yao, akaenda kugonga mlango wa nyumba, akasema, "Miguu yote ni baridi," na Francis akaitikia kwa kichwa nyuma ya kioo. Baadaye akawa haji mlangoni. Muriuki alisema vilevile, akiliambia dirisha. Mwezi wa kumi shamba liliuzwa, na Francis akahamia kwa binti yake jimbo jingine. Waliagana kwa kupeana mikono, na Muriuki alijua kwamba mkono wa mzee haukuhisi kitu.

Akakitoa cheti kwenye droo. Serah alimtafutia kazi katika nyumba ya wazee huko Minneapolis, na wenzake hapo, wengi wao watu wa kwao, walimwona mchapakazi lakini mkavu. Muuguzi wa zamu, mama mmoja aitwaye Goretti, alimlalamikia Solomon kanisani kwamba yule ndugu hana adabu, anaingia ofisini kama polisi, hajui kusalimia. Solomon aliinamisha kichwa.

Asubuhi moja ya Februari Muriuki alikuwa akimvisha soksi mzee mmoja asiyeweza tena kuzungumza. Akavua glavu, jambo lililokatazwa. Akashika mguu wa kulia, akashika wa kushoto, kutoka goti hadi kifundo. Akarudia wa kushoto. Nyuma ya mfupa, upana wa vidole viwili. Mzee yule alimtazama.

Muriuki akatembea haraka hadi ofisini, akasimama mbele ya meza.

"Chumba cha nne, mguu wa kushoto una joto."

Goretti hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Baba, kwetu watu wanaanza na habari za asubuhi."

Muriuki alibaki amesimama palepale, mikono mitupu ikining'inia ubavuni.

"Una joto," akasema. "Njoo sasa."